Gari Lililorudi Nyumbani kwa Mrisho

Alhamisi, tarehe ishirini na mbili ya mwezi wa Agosti, saa kumi kasorobo, muadhini akiwa ndiyo kwanza ameanza adhana ya alasiri, kaka yangu Mrisho Maganga alitutoka. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea.

Wasimulizi wengine wakisema hapo zamani, huwa ni zamani za mbali. Hapo zamani yangu mimi ndiyo hiyo. Ina tarehe na ina saa, na udongo wa kaburi bado haujashikana. Nisikilizeni pole pole, kwa maana mimi nasema pole pole, na mwishoni nitawauliza jambo ambalo limenishinda.

Hapo zamani, basi, hapa Tabora, kwenye nyumba za reli, alikuwapo mtu na mkewe, na binti yao, na mtani wao.

Mtu huyo ndiye Mrisho. Alikuwa gadi wa magari moshi ya mizigo. Gadi ni yule anayekaa behewa la mwisho kabisa, na bendera na filimbi, na gari haliondoki mpaka ainue bendera ya kijani. Akilala Kigoma, akirudi Tabora, siku zote yuko mkiani. Alikuwa akisema, "Dereva hufika nyumbani kwanza. Mimi hufika wakati chai imepoa."

Mkewe ni Bi Zuwena, wifi yangu, mwanamke asiyependa kuona kutu. Binti yao ni Kidawa, anauza mitumba sokoni. Mtani wao ni Mzee Kondo Pazi, Mzaramo, aliyekuwa nyapara wa genge la kutengeneza njia ya reli. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaingia nyumbani kwako bila hodi, anakutukana mbele ya wakwe zako, na ukifa anakuja kulichekea jeneza lako, na hakuna wa kumkasirikia. Mtani hana haya. Likumbukeni hilo.

Sasa siku moja Kidawa alifungua bunda la vitu vya watoto, akakuta boksi lililochanika. Ndani yake kulikuwa na gari moshi dogo, kichwa na mabehewa, na reli nyembamba za kuungaunga, na kisanduku cha umeme chenye kitufe cha kuzungusha. Akampelekea baba yake. Mrisho alikuwa amestaafu, anashinda barazani akisikiliza magari ya kweli yakipita na kutaja yamechelewa kiasi gani. Alipoliona lile boksi alilitoa gari, akayazungusha magurudumu kwa kidole. Halafu akamwambia mkewe, "Zuwena, ule mlango mbovu wa stoo bado upo?"

Mlango ukalazwa sebuleni juu ya makreti ya soda. Juu ya mlango Mrisho akajenga nchi. Tabora ikawa upande wa dirishani, stesheni yake boksi la biskuti. Urambo, Kaliua, Uvinza, akaziandika kwa mkono wake. Daraja la Malagarasi alilifanya kwa kitana cha Bi Zuwena, na Bi Zuwena akakitafuta kitana chake siku nyingi. Miti ilikuwa vipande vya dodoki vilivyochovywa rangi. Ziwa la Kigoma lilikuwa kipande cha kioo. Na reli ikazunguka mlango wote, ikatoka Tabora ikarudi Tabora, na gari likawa linakwenda, vuu, vuu, na kaka yangu amekaa kwenye kigoda anacheka bila sauti.

Kondo akaja kuangalia. Akasimama, mikono nyuma.

"Nyie Wanyamwezi," akasema, "kazi mnayoijua ni kubeba mizigo. Hii ni reli au kinu cha alizeti? Linazunguka kama punda."

"Na nyie Wazaramo," Mrisho akajibu, "kazi mnayoijua ni ngoma. Ulilala genge miaka yote hiyo, leo ndiyo unajua reli?"

"Mimi nilijenga njia, wewe ulipanda nyuma kama kuku wa kuuzwa. Gari huenda Kigoma, likageuzwa kule, likarudi kichwa mbele. Hili lako haliendi popote. Na lisiloenda, litarudije?"

Neno lile lilimwingia kaka yangu. Akaliwaza usiku na mchana. Yeye na Kondo wakaing'oa reli yote. Wakailaza njia moja tu kutoka Tabora hadi Kigoma, na kule Kigoma Kondo akatengeneza kitanzi. Yaani njia inapinda, inalizunguka lile ziwa la kioo, inarudi kujiunga na yenyewe, ili gari ligeuke na kurudi nyumbani kichwa mbele. Kondo alipinda, akapima kwa jicho, akaipigilia kwa vimisumari. Ilikuwa njia nzuri. Genge lake lote lingeisifu.

Wakaunga kipande cha mwisho. Mrisho akazungusha kitufe. Taa ya kisanduku ikazima. Gari halikutikisika.

Wakakitoa kipande, taa ikawaka, na gari likaenda mpaka Kigoma, lakini kurudi likarudi kinyumenyume. Wakakirudisha kipande, taa ikazima. Wakakitoa, wakakirudisha. Kondo akasema vumbi. Akapuliza. Akasema viungio vimelegea. Akavikaza kwa koleo. Taa ikazima.

"Tutalijua tu," Mrisho akasema. "Gari huchelewa, halipotei."

Kabla hawajajua, kiharusi kikampiga. Upande wa kushoto ukafa. Tukahamisha kitanda sebuleni, tukakiweka kando ya ule mlango, ili alale akiitazama njia yake. Siku moja tukiwa wawili tu, aliniita kwa ulimi ule mzito. "Nyamizi. Hili gari apewe atakayelirudisha nyumbani kichwa mbele. Nataka nilione linaingia, kichwa kwanza. Mara moja tu. Maisha yangu yote nimeona mkia."

Nikasema, "Inshallah, kaka." Nikawaambia wote watatu, mke, binti na mtani. Na wote watatu walimpenda, wallahi. Sikilizeni sasa kila mmoja alifanya nini.

Bi Zuwena aliziona reli zimeanza madoa mekundu. Akasema moyoni, mume wangu anakufa na reli yake inakufa. Nyumba ya mtu wa reli inajua kwamba chuma hupakwa mafuta. Alimpaka mafuta mumewe kichwani kila asubuhi, na siku ile alipomaliza kumpaka yeye, akachukua kitambaa na mafuta yale yale ya nazi, akazipaka reli zote, kutoka Tabora hadi Kigoma, mpaka zikang'aa. Kesho yake hata ile sehemu iliyokuwa nzima ikawa taabu. Gari likawa linateleza, linashtuka, linasimama. Vumbi likaganda juu ya mafuta. Mrisho akauliza kutoka kitandani, "Kimetokea nini? Jana lilikuwa linafika Kigoma." Bi Zuwena alijua. Alifungua kinywa. Haya ikamfunga. Akasema, "Labda umeme mdogo."

Kondo naye alikwenda kwa fundi wa redio pale sokoni, akamweleza. Fundi akacheka. "Mzee, umeme wa gari lile unapita kwenye reli zenyewe. Reli ya kulia ni waya mmoja, reli ya kushoto ni waya mwingine. Wewe umeikunja njia ikarudi kujigusa. Kulia imekutana na kushoto. Hiyo ni shoti, na kisanduku kinajizima kisiungue. Zikate reli za kitanzi, uweke swichi ya kugeuza umeme gari likiwa ndani. Ukiziacha hivyo, hata malaika hawezi kuliendesha." Kondo akaja moja kwa moja, miguu haigusi chini. Afike mlangoni, amsikie Mrisho anawaambia wageni waliokuja kumjulia hali, "Kitanzi kile amekilaza Kondo. Nyapara mzima. Kondo kwenye njia hakosei. Ubovu uko kwingine." Kondo alijua. Akafungua kinywa. Mtani asiye na haya, haya ikamfunga. Akatania kidogo, akaaga. Na tangu siku ile hakurudi. Alituma salamu kuwa mguu unamuuma.

Na Kidawa. Alhamisi ile Kidawa alikuwa peke yake sebuleni. Mama yake alikuwa uani anakoroga uji, mimi natia maji ya udhu kwenye birika. Baba yake alisinzia, akashtuka.

"Kidawa, gari limefika wapi?"

Gari lilikuwa limekwama Kigoma tangu asubuhi, kile kipande cha mwisho kimerudishwa, taa imezima. Lakini aliyaona macho ya baba yake.

"Liko njiani, baba. Limeshapita Uvinza."

"Alhamdulillahi." Akafumba macho.

Kidawa akalinyanyua gari lote kwa mikono yake, kichwa na mabehewa, akalivusha juu ya Malagarasi, juu ya Kaliua, juu ya Urambo, akaliweka Tabora mbele ya boksi la biskuti. Halafu akasema, na mimi ndipo nilipoingia na birika, nikamsikia akisema, "Baba, limefika."

Kaka yangu alifumbua macho. Akalitazama lile gari muda mrefu. Akamtazama binti yake. Akasema, na siku ile ulimi wake haukuwa mzito, "Limefika. Halikuchelewa." Akainua mkono wa kulia juu, akaushusha. Nikamtamkisha shahada, akaitamka. Adhana ikaanza, naye akaenda.

Kidawa alilia kilio ambacho sikukielewa. Nilidhani ni cha msiba tu.

Tulimzika Ijumaa. Kondo alikuja mazikoni, na hakutania. Watu wakashangaa. Mtani alisimama nyuma ya wote, kofia mkononi, kama mgeni. Siku tulipoanua tanga ndipo alipoingia sebuleni, mchana, amebeba msumeno wa chuma na swichi mfukoni.

"Unakuja kukata nini, mtani?" wakamchokoza vijana. "Umetumwa na Mrisho?"

Kondo akapiga magoti mbele ya mlango ule, akazikata reli za kitanzi chake mwenyewe, pale zinapoingia na pale zinapotoka, akaunga waya. Bi Zuwena akatoka chumbani na kitambaa na spiriti. Alikuwa ameshaanza eda, kwa hiyo akakaa upande wa pili, amejitanda, akawa anafuta reli, kipande kwa kipande, kutoka Tabora kwenda Kigoma. Hakumuuliza Kondo kwa nini anakata, na Kondo hakumuuliza kwa nini anafuta. Walipokutana pale kwenye ziwa la kioo, Kondo akazungusha kitufe.

Gari likaondoka. Likavuka daraja la kitana. Likaingia kwenye kitanzi, likalizunguka ziwa, Kondo akageuza swichi, likatoka. Likapita Uvinza, likapita Kaliua, likapita Urambo. Likaingia Tabora, kichwa mbele, likasimama karibu na kitanda kitupu.

Hakuna aliyepiga makofi. Bi Zuwena akasema, "Zima, shemeji." Kondo akazima.

Arobaini ikafika. Tukasoma hitima, tukala, tukagawa nguo za marehemu, kanzu kwa huyu, viatu kwa yule. Likabaki gari. Nikalitoa, nikaliweka mkekani katikati, nikausema wasia mbele ya watu. Shehe akatuambia, ni kitu kidogo na warithi wote wapo, afikianeni kwa wema. Nikasema, "Haya. Nani amelirudisha nyumbani kichwa mbele? Alichukue."

Nilitegemea watagombea. Wote watatu waliinamisha vichwa.

Nikasema, "Mzee Kondo, wewe ndiye uliyelifanya lirudi. Vijana wote waliona. Chukua."

"Sichukui, Bi Nyamizi." Akayaeleza yale ya fundi wa redio, na yale ya mlangoni. Hakuinua uso. "Nilijua siku nyingi kabla hajafa. Kazi ilikuwa ya mchana mmoja. Nimemtukana Mrisho ujana wangu wote, nimemwita punda mbele ya bintiye, na hilo sikuona tabu. Kumwambia 'nimekosea' ndiko kulikonishinda. Gari lilirudi kwa kitanda kitupu. Mpeni Bi Zuwena. Bila yeye kufuta, swichi yangu isingesaidia kitu."

"Mimi?" Bi Zuwena akasema kutoka nyuma ya pazia. Sauti yake ilitoka kidogo kidogo. "Nilichokifuta nilikipaka mwenyewe." Akaeleza ya mafuta. "Aliniuliza, na mimi nikasingizia umeme. Mume wangu ananiuliza yuko kwenye kitanda chake cha mwisho, nami nasingizia umeme. Nyinyi mkawa mnatafuta ubovu mmoja, kumbe uko wa aina mbili, wangu umeuficha wa shemeji. Mtu hapewi zawadi kwa kufuta uchafu wake. Mpeni mwanangu. Marehemu alitaka alione linaingia, na aliloliona ni la Kidawa. Yeye alijua kuliendesha, sisi hatukujua."

Watu wakageuka kwa Kidawa. Wengine wakasema, naam, haki ndiyo hiyo.

Kidawa akasogea nyuma mkekani. "Shangazi, usinipe. Halikwenda. Nilimdanganya baba. Nililibeba kwa mikono."

Mwanamke mmoja akasema taratibu, "Si kitu, mwanangu. Umemfurahisha mzazi."

Lakini Kondo aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Kidawa, mjukuu wangu. Uliliwekaje?"

"Nililiweka tu, babu."

"Hebu weka kama ulivyoliweka."

Kidawa akalichukua gari pale mkekani, akaliweka kwanza Kigoma kwenye ule mlango, kama lilivyokuwa limekwama, kisha akalivusha hewani kama siku ile, haraka haraka, kama mtu anayeiba, akaliweka Tabora. Akaondoa mikono. Tukatazama.

Kichwa kilikuwa kinaelekea Kigoma. Alilinyanyua kama lilivyokuwa, akaliweka kama lilivyokuwa. Hakuligeuza.

Nyumba ile ilijaa watu wa reli. Hapakuwa na haja ya kumweleza mtu. Gari lililotoka Kigoma haliingii Tabora likiwa limeipa Kigoma uso. Mtoto wa stesheni anajua. Na kaka yangu alikuwa gadi.

Kidawa akaweka viganja usoni. "Alijua," akasema. "Alinitazama. Alijua."

Nami nikakumbuka mkono. Nikawaambia jinsi alivyouinua mkono wa kulia, na kwamba siku zote hizi nilidhani ananiaga.

"Juu, kisha chini?" Kondo akauliza.

"Juu, kisha chini."

Mtani akaanza kulia bila kujifuta. "Huo ulikuwa mkono wa bendera, Bi Nyamizi, na gari lililofika halionyeshwi bendera. Bendera ya kijani huonyeshwa gari linaloondoka."

Hitima ikaisha hivyo, watu wakavaa viatu vyao wakiwa wameinama. Bi Zuwena hakuja kulichukua. Kondo aliondoka, na mpaka leo akipita barazani anatusalimia kwa adabu, na adabu ya mtani inaumiza kuliko tusi. Kidawa hufuta vumbi la ule mlango kila asubuhi, lakini gari haligusi.

Liko kwangu, kabatini, limefungwa kwenye kanga. Wasia wa maiti ni deni, na kila nikisimama kuswali nalikumbuka. Kwa hiyo nawauliza nyinyi mlionisikiliza, msimwonee mtu haya, maana haya ndiyo iliyotufikisha hapa. Kondo alilirudisha kichwa mbele, lakini kaka yangu hakuwapo kuliona. Bi Zuwena aliifungua njia aliyoiziba kwa mapenzi yake. Kidawa hakulirudisha, na hata kwa uongo hakuligeuza, lakini ndilo gari pekee kaka yangu alilolipa ruhusa. Nikifungua kabati kesho, nilitie mikononi mwa nani? Je, ni yupi kati yao aliyestahili?

Mkiwa mnafikiri, inueni mikono pamoja nami. Ewe Mola, huyu ni mja wako Mrisho mwana wa Maganga. Alifika wa mwisho kila mahali na hakunung'unika. Aliujua udhaifu wetu saa yake ya kuondoka, akausitiri. Nawe usitiri wa kwake. Mpanulie kaburi, mwangazie njia, mfikishe kwako salama bila kuchelewa, na siku ya kukutana naye utuondolee aibu nyusoni mwetu. Amina.